Tobaa gani ufunge kuvuta mtambo mzito: gololi, taya au kingipini

Haya wadau, karibuni tena karakana, tupo Kihonda hapa Morogoro, na samahanini kwa hiyo kelele, jirani anakata bomba na grainda na nimemwomba anipe nusu saa kasema ana oda ya watu, kwaiyo tutavumiliana.

Leo ni lile swali naloulizwa kila wiki: fundi, nina pikapu nataka kuvuta mtambo, nifunge tobaa gani, yani kile chuma cha nyuma ya gari cha kuvutia tela? Sasa mi nauza tobaa, sikatai, zipo pale ukutani mnaziona, lakini jibu langu la kwanza huwa moja tu, usianze na gari. Anza na tela. Nenda kachungulie pua ya tela lako ina kikombe au ina pete, alaf ujue likijaa lina kilo ngapi, ndo uje tuongee. Watu wanakuja na gari tu, tela limebaki Mikumi, we ntakufungia nini?

Mzee wangu huyu amefanya vizuri, kaleta vyote. Gari ni Land Cruiser pikapu, ile mkonga, na ana kijiko kidogo cha kuchimbia mitaro, tani 1.7. Tela lenyewe kilo 700. Ongeza ndoo za akiba, dizeli, na kijana ambaye lazima atapanda juu ya tela hata ukimkataza, weka tani 2.5. Hiyo ndo namba yetu, siyo 1.7. Wengi wanahesabu mtambo wanasahau tela, alaf wanashangaa.

Dogo sogeza kamera huku mezani. Hapana, meza. Meza hii.

Haya. Hii ya kwanza ndo mnayoijua, gololi, hili tufe la chuma ambalo kikombe cha tela kinalifunika kwa juu. Ya Ulaya ni milimita 50 na kiwango chake cha juu kabisa ni kilo 3,500, ila siyo kila gololi unayookota ina hiyo nguvu, soma kilichogongwa kwenye chuma. Ukikuta herufi D na namba, usiiruke, hiyo ndo nguvu ya mvutano inayohimilika, kwa kilonyutoni. Kuipata chukua uzito wa gari na wa tela kwa tani, zidisha vyote viwili, gawa kwa jumla yao, alaf zidisha kwa 9.81. Gari la mzee likijaa tuseme tani 3, tela 2.5, inatoka kama 13.4. Kwaiyo tobaa ya D 17 inatosha na chenji inabaki. Isiyo na namba yoyote, imepakwa rangi nyeusi tu ya kung'aa, hiyo tundikia nguo.

Sasa naomba mnisikilize vizuri hapa maana hapa nilishaumbuka mimi mwenyewe.

Mnaona hizi gololi mbili? Angalia. Zinafanana? Zinafanana. Hii ni 50. Hii nyingine ni ya Kimarekani, inchi moja na saba ya nane, ambayo ni 47.6. Tofauti milimita 2.4, jicho haliioni, na zote mbili zinaingia kwenye kikombe cha 50 na lachi, kile kifungio cha kikombe, inajifunga KLAK vizuri kabisa kama kawaida. Na kuna ya tatu ya inchi 2 kamili, hiyo ni 50.8, nayo ukiipeleka kwenye kikombe cha 50 inakaza, wengine wanapiga nyundo iingie. Usipige nyundo.

Miaka hiyo nimemfungia mteja tobaa, gololi nimetoa kwenye boksi la mchanganyiko, nikaitazama nikasema hii 50. Sikupima. Nikapanda nae tukajaribu, tumefunga mikisa ya zege nyuma, tunaelekea Dakawa, tela linacheza vizuri, tunapiga stori. Tukakuta tuta. Siyo kubwa, vile vituta vya rasharasha vitatu vitatu. Cha tatu nikasikia gari limekuwa jepesi. We unajua gari likiwa jepesi ghafla maana yake nini? Nageuka, tela linatupita kwa kushoto. Nashukuru Mungu lilikwenda kwenye majaruba ya mpunga na hapakuwa na mtu. Ndo nikaelewa ule msemo wangu wa karakana, unaanza na tobaa unamaliza na toba.

Kwaiyo. PIMA. Chukua vania, kile kipimo cha taya cha kupimia milimita, siyo tepu, vania, pima gololi pande tatu nne maana inalika upande mmoja. Yenye asili ya 50 ikishuka chini ya 49 itupe, usinipigie simu kuniuliza inafaa bado au la. Alaf soma namba iliyogongwa kichwani, alaf soma namba kwenye kikombe, zifanane. Namba kwa namba. Narudia maana najua kuna mtu amesogeza video mbele: namba ya gololi na namba ya kikombe ZIFANANE.

Kufunga bamba kwenye chesisi sitaonyesha, boliti nne, unajua. Ila boliti ziwe zimeandikwa 8.8 kichwani au 10.9, na usichomee tobaa kwenye bampa. Mi ni fundi weldingi, kuchomelea ndo ugali wangu, na nakwambia usichomee. Bampa ni la kuzuia mbuzi.

Sasa twende kwa hii, kipenzi changu. Hii ya taya mbili. Mi naiita ndoano ya jeshi maana magari ya jeshi ndo yamejaa hizi, tela linakuwa na pete nene, taya la juu linashuka linaifumba, unapitisha pini. Uzuri wake ni barabara mbovu. Gololi na kikombe vina mwisho wa kupinda, ukishuka korongo gari limeinama huku tela limeinama kule kikombe kinaanza kujikwanyua. Pete yenyewe inajizungusha tu ndani ya taya, haina habari. Ubaya ni kelele, ina nafasi ndani, ukikanyaga breki kong, ukiongeza moto kong, toka hapa mpaka Ifakara kong kong kong, mkeo atashuka apande basi. Mi napenda, nasikia kama mtambo unaongea, lakini siyo wote.

Mzee anauliza, na ni swali zuri, anasema site zake nyingi ziko barabarani au porini? Mzee si ndo wewe utuambie! Haya, anasema porini nusu. Basi mzee kwa porini nusu na tani 2.5 ningekushauri taya, ila tela lako lina kikombe na breki ya kujisukuma, yani gari likipunguza mwendo tela linasukuma kile kikombe kinarudi nyuma kinavuta waya wa breki. Nikikata kikombe nikaweka pete kavu nimekuua breki. Na tela lisilo na breki gari hizi haziruhusiwi zaidi ya kilo 750, imeandikwa kwenye kitabu cha gari. Kwaiyo tunabaki na gololi 50. Mnaona sasa kwanini nilisema anza na tela?

Umeme umekatika. Afadhali, na grainda imenyamaza.

Haraka haraka makubwa. Roli la kushindilia la tani 8 usiniletee na pikapu, hata ukinibembeleza. Hiyo ni lori na tela lenye jicho, jicho la 40 au la 50, hapa kila jicho na kifungio chake, na kifungio hicho kinajifunga chenyewe jicho likiingia, kina kidude pembeni kikiwa kimezama ujue kimefunga, kikichomoza hakijafunga. Na ukifika katapila la tani 20 hapo ni lobedi, lile tela la chini la kubebea mitambo, na kingipini, ile pini nene iliyo chini ya pua ya tela. Kingipini zipo mbili, inchi 2 na inchi 3 na nusu, na sahani ya juu ya hosi, yani kichwa cha lori, lazima iwe ya saizi hiyohiyo. Madereva hapa wajanja mnajua, tela likiwa juu sana pini inapita juu ya taya, unasikia imegonga unadhani imefunga. Shuka na tochi, ingia chini, uone taya limekumbata shingo ya pini. Alaf funga breki za tela, gia ndogo, vuta kidogo. Mlima Kitonga siyo mahali pa kugundua kwamba haijafunga.

Na trekta, maana wa Kilombero mtaniuliza: vuta kwa droubaa, kile chuma cha kuvutia kilicho chini nyuma ya trekta. Usifunge mzigo kwenye ile mikono mitatu ya jembe, kamwe kwenye ule wa juu, trekta linanyanyuka pua linakulalia. Na pini iwe pini. Juzi nimeona mtu amekunja nondo ya milimita 16 ndo pini, imeshakuwa umbo la ndizi.

Haya tunafunga la mzee. Rudisha, rudisha, kushoto kidogo, simama. Grisi kidogo kwenye gololi. Shusha jeki. Imeingia, lachi chini, tumemali...

Ngoja. Ngoja ngoja. Dogo leta kamera hapa chini kabisa, washa taa ya simu. Mnaona hapo? Lachi imelala juu, ukiangalia kwa juu imefunga kabisa, lakini chini ule ulimi haujaingia chini ya gololi, umekaa juu yake. Sijapanga hii jamani, wallahi. Haya nyanyua, tikisa, shusha tena. Sasa kipimo changu: zungusha jeki ya tela kama unalinyanyua. Kama imefunga, matako ya gari yanapanda nalo. Angalia spiringi... inapanda, inapanda. Hiyo imefunga. Pini ya usalama kwenye lachi, cheni mbili, na cheni zivuke msalaba chini ya pua ya tela, ili likichomoka pua idondokee kwenye cheni isichimbe lami.

La mwisho uzito wa pua. Mzee twende pale kwa wanunuzi wa mahindi tuombe ile mizani ya magunia, tunaweka pua juu yake kijiko kikiwa kimepakiwa. Kwa tani 2.5 nataka isome kuanzia 250, isivuke kiwango kilichoandikwa kwenye tobaa. Ikisoma 100 kijiko kiko nyuma sana, tela litatikisa mkia ukifika 80 kwa saa, kisogeze mbele. Ikisoma 500, matairi ya mbele ya gari yataelea na usukani utakuwa wa mapambo.

...Haya tumerudi, imesoma 180. Tunasogeza kijiko mbele kama futi moja tunapima tena. Bei za tobaa ntaandika hapo chini, najua mnachukia bei inboksi. Dogo zima, betri imebaki asilimia 4.