Stubby, mbwa wa mahandakini: tuangalie na watoto, tusiwaachie runinga peke yao

Haya jamani, wazazi shikamooni, na nyie wadogo hapo mbele hamjambo. Muvi ndo hiyo imeisha, Sgt. Stubby, katuni ya mwaka 2018, na najua kuna waliokuja wakitegemea mbwa wa kuongea na kuimba kama katuni nyingine, sasa mmeona wenyewe, Stubby hasemi hata neno moja mwanzo mpaka mwisho, anabweka, ananusa, anasimamisha masikio, basi. Mi hapo ndo waliponikamata. Mbwa akishaanza kuongea anakuwa mtu tu aliyevishwa manyoya, na mtoto hajiulizi tena huyu mnyama anajua nini ambacho askari hakijui.

Na Stubby alikuwepo kweli. Mwaka 1917 Marekani imeshaingia Vita ya Kwanza ya Dunia, vijana wanapigishwa kwata pale chuo kikuu cha Yale, mjini New Haven, kakatokea kambwa kanene kenye mkia mfupi, hakana mwenyewe. Askari mmoja wa Rejimenti ya 102, Robert Conroy, wakazoeana naye mpaka siku ya safari ilipofika akamficha melini. Inasimuliwa kwamba afisa alipomgundua, Stubby akainua mguu wa mbele mpaka usawa wa jicho, saluti kabisa, maana wale vijana walishamfundisha kambini, afisa akashindwa kumfukuza.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye gesi, kwa sababu nimeona watoto hapa walinyamaza wote ilipofika. Februari 1918 hawa jamaa wako mahandakini Chemin des Dames, Ufaransa. Gesi ya sumu ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inatambaa chini chini na kutumbukia kwenye handaki, mlemle askari alimojificha kukwepa risasi, yaani pale anapodhani yuko salama ndo panamuua. Stubby mwenyewe iliwahi kumpata, akatibiwa akapona, na tangu hapo hata chembe ya ile harufu ilikuwa inamshtua. Ikaja kupigwa gesi alfajiri watu wamelala, yeye akawa anakimbia handakini huku anabweka na kuwang'ata wenye usingizi mzito mpaka wakaamka wakavaa barakoa. Makombora pia alikuwa anayasikia yakija kabla ya binadamu yeyote, akishalala chini tu na wenzake wanalala. Mi naomba mzazi usiyapite haya haraka haraka, mtoto akikuuliza kwa nini watu walikuwa wanapuliziana sumu mjibu, usimwambie kula popcorn zako.

Maana muvi yenyewe imelainisha mambo, na siilaumu, ni ya familia. Aprili 1918 pale Seicheprey, kijiji cha hukohuko Ufaransa, Stubby aliumizwa na vipande vya bomu la mkono, na hata hospitalini akawa anawazungukia majeruhi. Wengi wetu hapa mbwa ni wa kulinda nyumba, analala nje, ndani haingii, lakini fikiria kijana ameona wenzake wanakufa wiki nzima halafu kuna kiumbe kimoja kinakuja kumlalia miguuni bila kumuuliza chochote, utaelewa kwa nini walimng'ang'ania vile. Akina mama wa Château-Thierry, mji wa Ufaransa, walimshonea koti la ngozi laini, ndo hilo lililojazwa medali mpaka kifua chote kinang'aa.

Halafu kuna kitu kinaniuma. Vita hiyohiyo ilipiganwa huku kwetu pia, ila huku farasi na nyumbu walimalizwa na mbung'o, mizigo yote ikahamia vichwani kwa watu, risasi, unga, mahema, vyote, na wapagazi walikufa kwa maelfu na maelfu, njaa, malaria, kuhara. Hao hatujawatengenezea katuni. Mtoto aliyemlilia Stubby leo anaweza kabisa kuelewa habari ya babu wa babu yake aliyebebeshwa mzigo kutoka pwani mpaka Ruvuma, ni sisi tu hatujawasimulia, na hapa kama kuna vijana wanaojua kuchora na kuanimeti naongea na nyie moja kwa moja.

Stubby alirudi nyumbani na Conroy, mwaka 1921 Jenerali Pershing, aliyekuwa kamanda wa majeshi ya Marekani kule Ufaransa, akamvalisha medali, Stubby akafa 1926 mikononi mwa Conroy, na mwili wake umehifadhiwa kwenye makumbusho ya Smithsonian kule Washington.

Mama mmoja kaniuliza pale mlangoni umri gani unafaa. Mi ningesema kuanzia miaka saba hivi, wadogo zaidi wakae na mkubwa wakati wa zile sehemu za mizinga. Haya maswali, tuanze na hawa wa mbele, wewe mwenye sweta jekundu umenyoosha mkono muda mrefu, karibu.