Bushi za Pikapu ya Zamani: Nati Hukazwa Gari Likiwa Chini

Mafundi, madereva, na wenye pikapu mliofika hapa Nakuru leo, karibuni. Mada yetu ni bushi, yale maungio ya raba yanayoshika mikono ya magurudumu na springi kwenye chasisi. Tuingie kazini moja kwa moja.

Lalamiko tunalolisikia sana gereji ni hili: "Nilibadilisha bushi juzi tu, tayari zimekwisha." Lawama yote huenda kwa muuza spea. Ni kweli bushi mbovu zimejaa sokoni, lakini mara nyingi bushi nzuri huuawa siku ile ile inapofungwa, kwa sababu nati ilikazwa magurudumu yakining'inia.

Itazameni bushi ya mkono wa mbele, yaani chuma kinachounganisha gurudumu na chasisi. Ina bomba la chuma ndani, lingine nje, na raba imegandishwa katikati. Ukikaza nati, bomba la ndani hubanwa lisizunguke tena, kwa hiyo mkono unapopanda na kushuka, ni raba inayojipinda. Ukikaza gari likiwa juu ya jeki, raba huchukulia hali ile ya kuning'inia kuwa ndiyo makao yake. Likishuka chini tayari imepindwa, hata gari likiwa limeegeshwa. Ongeza magunia ya viazi kutoka Molo na mashimo ya njiani, itachanika tu.

Kujua kama bushi zimekwisha si kazi kubwa. Sikiliza mlio wa chuma kugonga chuma ukikanyaga breki, tazama tairi linaloliwa upande mmoja, kisha ingiza mtarimbo kati ya mkono na chasisi usukume. Chuma kikicheza au raba ikionyesha ufa mrefu, badilisha, tena pande zote mbili.

Nyuma ndiko kwenye jasho. Hilux nyingi za zamani zenye springi za majani, zile za vyuma bapa vilivyopangwa, hutumia raba za nusu-nusu: mbili kwenye jicho (tundu la mwisho) la mbele la springi, nne kwenye sheko ya nyuma, kile kiungo kinachoshika springi kwenye chasisi, mbili juu na mbili chini. Hizo ni 6 kila upande, 12 kwa jumla. Nunueni seti nzima.

Jioni kabla ya kazi, mwagia nati mafuta ya kulegeza kutu. Asubuhi weka vizuizi kwenye tairi za mbele, inua chasisi, kisha isimamishe juu ya stendi za chuma. Mawe hapana, yanapasuka bila kukuonya. Jeki ya pili iwe chini ya ekseli. Ipandishe na kuishusha kidogo kidogo mpaka springi isibebe uzito wala isivute. Hapo pini inayopita katikati ya raba hutoka kwa kugongwa kidogo. Ikigoma na kutu imeshalegea, usiongeze nyundo, rekebisha jeki.

Pitisha ukucha juu ya pini. Ukikwama kwenye mfereji, pini hiyo imeliwa, na itazila raba mpya vilevile. Sugua jicho la springi kwa brashi ya waya hadi kutu iishe. Kuingiza raba, tumia maji ya sabuni. Grisi ya kawaida na dizeli huvimbisha raba na kuilainisha. Bushi za polyurethane, plastiki ngumu inayonyumbuka, ni habari nyingine: hizo hutaka grisi ya silikoni, la sivyo zitalia.

Kwa mbele, kama gari lina fimbo ya kujipinda (torsion bar) badala ya springi, weka alama mahali ilipokaa na upime urefu wa nyuzi za bolti yake, kisha ilegeze kabisa kabla ya kugusa mkono. Fimbo hiyo ikifyatuka huvunja mtu. Bushi iliyobanwa ndani ya mkono itolewe kwa presi, mashine ya kusukuma. Kuichoma moto kunaacha moshi mbaya na kunaharibu chuma. Unapoingiza mpya, sukuma bomba la nje peke yake. Ukisukuma la ndani, unaing'oa raba kabla gari halijatoka gereji.

Nati zote zibane kidogo tu kwanza. Rudisha magurudumu, shusha gari, litikise mara nne au tano, au liviringishe mbele na nyuma kidogo, springi zikae mahali pake. Ndipo ulale chini ukaze kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo. Likitembea kilomita 100 hivi, pitia nati tena, likiwa chini vilevile, na kama uligusa mikono ya mbele, lipeleke kwa alainimenti, kunyooshwa magurudumu, siku hiyo hiyo.