Helga Dernesch: kutoka sauti ya kwanza kwenda ya pili

Walimu wa kwaya, waimbaji wenzangu, karibuni.

Nianze na swali la mazoezini. Ni wangapi humu mmewahi kutolewa sauti ya kwanza mkapelekwa sauti ya pili? Naona mikono michache, na naona waliouficha wa kwao. Kwenye kwaya zetu mtu akihamishwa hivyo hununa wiki nzima, kana kwamba amevuliwa cheo. Leo nawaletea habari za mwanamke wa Austria aliyehama hivyo mbele ya macho ya watu, baada ya kuimba nafasi nzito kuliko zote katika opera ya Kijerumani.

Anaitwa Helga Dernesch. Alizaliwa Vienna mwaka 1939, akasomea uimbaji hukohuko. Mwaka 1961 alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza mjini Bern, Uswisi, akaimba Marina katika Boris Godunov, opera ya Mrusi Mussorgsky. Kumbukeni jina hilo, Marina. Ni nafasi ya mezo-soprano, yaani sauti ya kike ya katikati: chini ya soprano, juu ya kontralto. Kwa hiyo alianzia katikati.

Kisha akapandishwa. Kutoka Bern alikwenda Wiesbaden, halafu Cologne. Tangu 1965 akawa anaimba pia Bayreuth, Ujerumani, kwenye tamasha la opera za mtunzi Richard Wagner. Na hapo anaingia Herbert von Karajan, kondakta ambaye mwaka 1967 alikuwa ameanzisha tamasha lake mwenyewe la Pasaka mjini Salzburg. Karajan hakutaka waimbaji wa kupiga kelele. Alitaka Wagner aimbwe kwa wororo, orkestra ikae chini ya sauti kama mkeka. Mwaka 1969 akampa Dernesch nafasi ya Brünnhilde, binti shujaa wa mungu mkuu, katika opera ya Wagner iitwayo Siegfried, na mwaka uliofuata katika ile inayoifuata, Götterdämmerung. Ikaja Leonore ya Beethoven katika Fidelio, kisha mwaka 1972 Isolde katika Tristan na Isolde ya Wagner. Alikuwa na miaka thelathini na kitu tu.

Hapa nisimame kidogo, maana ndipo penye somo la ufundi. Nota ya juu na makazi ya sauti ni vitu viwili. Mtu mrefu akiruka anaweza kugusa dari. Mwambie akae ameishika saa nzima uone. Dernesch dari aliigusa. Lakini Isolde humtaka mwimbaji akae huko juu, bila kipaza sauti, mbele ya orkestra ya watu karibu mia, kuanzia jioni hadi karibu na usiku wa manane. Sikilizeni rekodi yake ya Tristan na Isolde akiwa na tenori Jon Vickers: katikati sauti ni asali, nzito, ya dhahabu. Huko juu kabisa unasikia juhudi. Mimi naipenda hata hivyo, pengine kwa sababu ya juhudi hiyo. Isolde asiyechoka simwamini sana.

Je, Karajan alimharibu sauti kwa kumpa nafasi hizo za juu? Wapo wanaosema hivyo, na mimi naona kuna ukweli ndani yake, ila si ukweli wote. Hakuna aliyemlazimisha kukubali, na mwimbaji gani kijana angemkatalia Karajan?

Miaka ya sabini ikienda ukingoni, sauti ya juu ilikuwa inamponyoka. Mwaka 1978 bado alisimama Munich kama Goneril, yule binti katili, katika Lear, opera ya mtunzi Aribert Reimann, ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza duniani, Dietrich Fischer-Dieskau akiwa mfalme. Mwaka uliofuata akageuka rasmi kuwa mezo-soprano.

Na wala hakuhamia pembeni. Alichukua Fricka, mke wa mungu mkuu anayemkumbusha mumewe sheria alizoziandika mwenyewe. Alichukua Waltraute, dada yake Brünnhilde, Herodias, mke wa Herode katika Salome, Yaya katika Die Frau ohne Schatten ya Richard Strauss, na Klytämnestra, mama asiyepata usingizi katika Elektra ya Strauss huyohuyo. Mwaka 1985 akaingia Metropolitan, jumba la opera la New York, kwa mara ya kwanza, akiwa Marfa katika Khovanshchina. Hiyo pia ni ya Mussorgsky, pia ni mezo-soprano. Mmemkumbuka Marina? Mwaka 1986 Reimann akampata tena Munich, safari hii kama Hekuba, malkia wa Troya iliyoteketea.

Ila nafasi ninayoipenda zaidi ni Erda. Katika hadithi ya Wagner, Erda ndiye mama yake Brünnhilde, mungu wa ardhi anayepanda kutoka chini na kusema machache. Dernesch aliyekuwa binti akawa mama, ndani ya mfululizo uleule wa opera za Wagner. Na kwa kuwa aliwahi kukaa kule juu, ule uzito wa chini haukuwa wa kuigiza.

Sasa tusikilize. Nitaweka dakika za mwisho za Siegfried, rekodi ya Karajan. Brünnhilde ameamshwa sasa hivi. Tenori ameimba jioni nzima, yeye ndiyo kwanza anaanza. Wengi mtasubiri ile C ya juu mwishoni. Naomba msiisubiri. Sikilizeni sentensi zilizo chini yake, pale sauti inapotulia, halafu mniambie mngempanga mstari gani. Fundi mitambo, tafadhali.