Kusafisha Kipandikizi cha Jino bila Kuumiza Ufizi

Mabibi na mabwana,

Nawashukuru kwa kufika jioni hii, licha ya foleni ya Barabara ya Morogoro. Nimeombwa nizungumzie vifaa vya kusafishia vipandikizi vya meno, yaani mizizi ya bandia inayowekwa ndani ya taya ili kushikilia meno ya bandia, nami nitaanza na ufizi, kwa kuwa ndio unaoamua kifaa kipi kifae.

Jino la asili limeshikwa na nyuzi zinazotoka kwenye ufizi na kujichimbia katika mzizi wake. Kipandikizi, ambacho mara nyingi ni skrubu ya metali iitwayo titani, hushikamana na mfupa moja kwa moja, kama alivyothibitisha Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi, aliyemwekea mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965. Lakini penye ufizi, nyuzi hizo hukizunguka tu kama kola izungukavyo shingo, pasipo kukishika. Kipandikizi hakiozi, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Ukoga, ule utando wa vijidudu unaojishika juu ya meno, ukiachwa ukingoni, ufizi huvimba, na uvimbe ukishuka chini, mfupa huanza kuliwa, mara nyingi bila maumivu yoyote.

Basi mswaki uwe laini. Najua madukani Kariakoo wapo wanaouliza kwanza mswaki mgumu, wakiamini kuwa usafi hupimwa kwa nguvu ya mkono. Nguvu hiyo huurudisha ufizi nyuma na kuacha skrubu wazi. Uelekeze mswaki kwenye mpaka wa ufizi na taji, yaani lile jino la bandia lililo juu ya kipandikizi, kwa mizunguko midogo, dakika 2, asubuhi na usiku. Nyuma ya taji, mahali ambapo mswaki wa kawaida haufiki, tumieni ule wenye kichwa kidogo cha kishungi kimoja.

Katikati ya meno, brashi ndogo ndiyo ninayoipendelea, mradi waya wake uwe umefunikwa kwa plastiki, kwani waya mtupu huweza kuikwaruza titani, na penye mikwaruzo ukoga hung'ang'ania. Ipite kwa kubana kidogo tu. Ikilazimishwa, ni kubwa mno. Uzi wa meno ni mzuri, ila skrubu ikiwa imeanza kuonekana, vipande vya uzi vinaweza kunasa hapo na kuuchokoza ufizi. Kifaa cha kurusha maji husaidia kikianzia nguvu ya chini, lakini hakichukui nafasi ya mswaki.

Mkaa, majivu na magadi viacheni jikoni. Mswaki wa mti siwakatazi wazee wangu, ila hauwezi kufika nyuma ya taji.

Damu ikitoka, msiache kusafisha. Punguzeni nguvu, na ikiendelea, mwoneni daktari wa meno mapema. Mkifika kliniki kuondolewa ugaga, yaani ukoga uliokwisha kuwa mgumu, mwelezeni tangu mlangoni kwamba mna kipandikizi, na mwulizeni bila haya kama atatumia vifaa vya plastiki au vya titani, kwa maana chuma cha kawaida huikwaruza skrubu.