Hesabu kwa sauti, dokta asubiri

Wengine mmeshanisikia nikilisema hili, na dada mmoja pale nyuma ameanza kucheka. Cheka tu. Nitanyamaza siku nitakayozunguka vyumba vya upasuaji, thieta za kanda hii ya ziwa, nikute kila mahali vitambaa vya kufyonza damu vinahesabiwa na watu wawili, kwa sauti, kisibaki hata kimoja tumboni mwa mgonjwa.

Muuguzi aliyenawa, anayempa dokta vifaa, anavitenganisha kimoja kimoja, mwenzake anatazama, wote wanatamka, namba inapanda ubaoni. Ubaoni, si kwenye kiganja. Kabla ya kisu kugusa ngozi, kabla ya kushona mfuko wa uzazi kwa mama anayejifungua kwa upasuaji, kabla ya kufunga tumbo, na tena wakati wa kushona ngozi. Kinachoongezwa katikati kinaandikwa palepale. Nyie mnafanyaje? Mmoja anahesabu kimoyomoyo, mwenzake yuko mlangoni anapokea chupa ya damu, mwishoni wanaulizana: "Ziko sawa?" "Ziko sawa." Sawa na nini?

Mtaniambia mama anavuja damu, hakuna muda. Mkimbilieni, sibishi. Lakini hapo ndipo vitambaa vinapotumika vingi, na kikishalowa damu kikajibanza nyuma ya utumbo, huwezi kukitofautisha na utumbo. Kama hesabu ya mwanzo haikufanyika, andikeni haikufanyika, msipike namba. Mgonjwa apigwe eksirei. Vitambaa vya thieta vimewekewa uzi unaoonekana kwenye picha kwa kazi hiyohiyo. Vile vya kusafishia vidonda, visivyo na uzi, vinafuata nini tumboni mwa mtu?

Na sisi wa Mwanza ndio tuelezwe hasara ya kutohesabu? Meli ya MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996, mpaka leo idadi ya waliokuwemo tunabishania, maana wa daraja la tatu hawakuandikwa.

Dokta akisema "nafunga" na kimoja hakijaonekana, usimpe uzi wa kushonea. Atanuna, atauliza nani mkubwa humu ndani. Mwambie, "Dokta, pungufu moja," kisha kaa kimya na uzi wako. Mwenzako apekue ndoo, mashuka, chini ya meza. Dokta naye arudishe mkono tumboni, atafute.

Yupo aliyeniambia ile orodha ya usalama wa upasuaji ya WHO, Shirika la Afya Duniani, ni mambo ya Wazungu. Ilitoka 2008, ikajaribiwa katika hospitali nane duniani, moja ikiwa Ifakara, hapahapa Tanzania. Vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 kwa hospitali zote nane pamoja. Ifakara imehamia Ulaya lini? Shida ni kuijaza kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mgonjwa akiwa ameshafika wodini. Hiyo ni insha.

Visu: pitisheni kwenye bakuli, si mkono kwa mkono. Basi.

Kuhusu zamu za usiku zinazoungana na za asubuhi, mwenyekiti ananionyesha saa, na wapanga zamu wenyewe wamekaa mstari wa mbele. Nitawafuata kwenye chai.