Tone Moja kwa Tanki: kutengeneza pikipiki nyumbani bila kuumiza rangi na kromu

DADA: Karibuni tena jamani, leo tumerekodia nyumbani kwa Mzee hapa Busia upande wa Uganda, mkisikia honi za malori nyuma ni foleni ya mpaka hiyo, mvumilie. Mzee wangu, habari ya asubuhi?

MZEE: Nzuri binti yangu. Karibu, vuta kiti.

DADA: Asante. Mimi nianze na kitu kinaniuma. Mwezi jana nilikuwa naongeza mafuta ya breki mwenyewe, tone moja likaanguka kwa tanki, nikasema aah, ni tone tu, nikamaliza kazi nikaenda kunywa chai. Kurudi nakuta rangi imevimba imejikunja kama ngozi iliyomwagikiwa maji moto, kugusa na ukucha inatoka, chini naona bati. Na hiyo pikipiki nimelipa mkopo wake miaka miwili!

MZEE: Ai, pole sana. Hayo mafuta angalia chupa, ni DOT 3 au DOT 4, zote zimetengenezwa na kemikali inaitwa glaikoli, na glaikoli inakula rangi. Lakini sikiliza, ina kitu kimoja kizuri, inakubali maji. Grisi ukiimwagia maji inakuangalia tu, hii inachanganyika na kuondoka. Kwa hiyo kabla hujafungua kile kikopo cha breki weka jagi la maji ya sabuni hapo miguuni, tone likianguka mwaga maji saa hiyo hiyo, mwaga mengi. Usikimbilie kitambaa, ukisugua unalisambaza tu.

DADA: Mimi ndio nilipanguza baadaye, na kitambaa kikavu.

MZEE: Watu wengi wanafanya hivyo. Na tatizo ni kikopo chenyewe kilipo, pikipiki yenye diski mbele kikopo kinakaa kwa usukani, hapo hapo juu ya tanki. Ukifunga pedi mpya za breki unasukuma pistoni irudi ndani, mafuta yanapanda juu, kama mtu alikuwa ameshaongeza mpaka juu yanafurika na wewe umeinama kule kwa gurudumu huoni chochote. Nyonya kidogo na sirinji kwanza. Na kifuniko kikiwa wazi mtu asiguse leva ya breki, inaruka kama chemchemi. Watoto wafukuze.

DADA: Sasa mimi nilikuwa najua kufunika, nilitandika kitenge cha zamani kwa tanki lote. Nikatoa kitenge nakuta mikwaruzo midogo midogo mingi, kama mtu amepitisha msasa.

MZEE: Uliosha kwanza?

DADA: ...Hapana.

MZEE: Basi ni msasa kweli. Vumbi letu la marram lina mchanga, ukitandika kitambaa juu yake halafu unaegemea, unasogea, unavuta spana, unasugua. Osha pikipiki kwanza kwa maji mengi, iache ikauke, ndio ufunike. Na hicho kitambaa kikianguka chini hata mara moja usikirudishe juu ya rangi, chukua kingine. Mimi kwa hili ni mkali sana, vijana wananijua.

DADA: Na yeye mwenyewe fundi, je, nguo zake?

MZEE: Eeh! Bako ya mkanda, kile chuma cha kufungia. Zipu ya jaketi, saa, pete. Unainama juu ya tanki ukitafuta waya, bako inachora mstari mrefu na wewe hujui. Geuza mkanda bako iende mgongoni, au vua kabisa.

DADA: Hiyo ya kugeuza naichukua leo. Naona pia umefunga mipira kwa usukani wako pale.

MZEE: Tyubu za zamani hizo, nenda kwa mziba pancha yeyote atakupa bure. Kata vipande, vingine vifunge kwenye bomba za shokapu za mbele, kingine weka ukingo wa tanki pale usukani unapogonga ukigeuka. Nilipokuwa mdogo hapa mpakani boda zilikuwa baiskeli, na wenyewe walikuwa wanafunga fremu na tyubu hivi hivi, rangi ilikaa. Na spana: ile ya mdomo wazi inateleza kwa nati ngumu na inaruka moja kwa moja kwa rangi, tumia ya pete au soketi, halafu zungushia mpini tepu.

DADA: Tukitoa tanki?

MZEE: Funga petroli, lilaze kwa godoro kuukuu. Chini kwa simenti hapana. Petroli ikimwagika panguza upesi, inaacha doa.

DADA: Kromu sasa. Egzosi yangu ina alama za vidole vya kahawia, nimesugua mpaka mkono umechoka.

MZEE: Hiyo ni grisi ya mikono yako, imepikwa. Ulimaliza kazi ukawasha injini bila kupanguza, bomba likapata moto, grisi ikaungua hapo hapo. Kila ukimaliza, kitambaa safi na spiriti kidogo, panguza egzosi yote, ikauke, ndio uwashe. Kromu watu wanadhani ni chuma kigumu cha kutisha kumbe ni ngozi nyembamba sana, haifiki hata maikroni 1, yaani milimita moja ukiigawa mara elfu, unywele wako ni kama maikroni 70. Chini yake kuna nikeli, halafu ndio chuma. Ukichimba na stilwaya umeifungulia kutu mlango.

DADA: Na kutu ikishaanza, zile nukta nukta?

MZEE: Foili ya jikoni, ile ya kufunikia chakula. Ikunje, ichovye maji, sugua polepole. Aluminiamu ni laini kuliko kromu kwa hiyo inaondoa kutu bila kukwaruza. Utaona maji yanakuwa meusi, suuza, kausha, paka nta. Leta hiyo egzosi kesho nikuonyeshe upande mmoja, mwingine ufanye mwenyewe.

DADA: Nakuja na foili yangu, saa mbili asubuhi kabla jua halijakuwa kali.