Mchele wa foleni, na barua ya Zuhura

ZUHURA: Habari za huko mliko. Leo niseme mapema: mwenzangu amekuja amenuna, na ananukia petroli.

MWAISA: Sijanuna. Sijalala. Usichanganye.

ZUHURA: Haya. Tulikubaliana leo ni siku ya orodha. Watu wameiomba mpaka wamechoka: mambo sita ya kujua kabla hujaja kufanya kazi za misaada Malawi. Nimeyaandika hapa vizuri. La kwanza...

MWAISA: La kwanza lingoje. Niwape habari ya usiku wa Jumanne, halafu utaendelea na karatasi yako.

ZUHURA: Dakika tano, Mwaisa.

MWAISA: Hazifiki. Jumanne jioni mwenye nyumba wangu ananitumia ujumbe kwamba sheli moja, jina tuliache, inatarajia lori la mafuta usiku, na mafuta huku yameadimika. Gari langu lina mafuta ya kwenda tu, kurudi ni majaliwa. Nikatoka kazini saa kumi na moja na nusu, na mnajua huku, msimu huu wa baridi, saa hiyo ndiyo jua linazama.

ZUHURA: Kwa saa za huku. Nyumbani Tanzania ni kumi na mbili na nusu. Hilo lilikuwa namba tatu kwenye orodha.

MWAISA: Basi lifute, tumeshalisema. Nafika, foleni imetoka sheli, imekata kona, imepita kanisa, imeishia kwenye giza. Na hakuna anayewasha gari. Foleni ikisogea unashuka, mkono mmoja kwenye mlango, mwingine kwenye usukani, unasukuma. Mimi huyu, mratibu wa mradi wa visima, nasukuma Vitz usiku wa manane nimevaa kitambulisho shingoni.

ZUHURA: Si ungekivua.

MWAISA: Nilisahau kama ninacho. Aliyekuwa nyuma yangu ni mwalimu wa sekondari, akawa anakuja kunisukumia, kisha tunarudi wote kusukuma la kwake. Sasa kinachoniuma ni hiki. Mafuta ya Malawi mengine hupitia Beira, mengine Nacala, kule Msumbiji, lakini mengine yanashuka bandarini Dar, yanapanda hadi Mbeya, yanavuka mpaka pale Kasumulu. Kasumulu iko Kyela, jamani! Mama yangu anayaona hayo malori amekaa anapepeta mchele. Mwanawe huku yuko Lilongwe na kidumu.

ZUHURA: Mafuta hayana shida, shida ni dola ya kuyalipia. Nalisema hili kwa sababu kila mgeni akifika hapa anakwambia, "Ah, nchi haina bandari, ndiyo maana." Zambia nayo haina bandari. Malawi dola zake nyingi zinatoka kwenye tumbaku, na tumbaku ina msimu. Novemba 2023 wakashusha kwacha kwa asilimia 44 kwa siku moja, na bado bei ya dola mtaani ikaenda kuizidi ya benki mara mbili na zaidi. Sasa nani atapeleka dola zake benki?

MWAISA: Umemaliza uchumi?

ZUHURA: Nimemaliza. Kalale kwenye foleni yako.

MWAISA: Saa sita usiku. Mbele yangu kuna pikapu ya mama mmoja mfanyabiashara, ametoka Karonga na magunia. Kaona hapa hakuchi leo wala kesho, akashusha mbaula, akawasha mkaa.

ZUHURA: Mkaa! Kwenye foleni ya petroli!

MWAISA: Tulikuwa mbali na sheli, dada, hata harufu ya petroli hatukuipata. Kateleka sufuria. Maji, chumvi, mchele, basi. Baada ya muda ikaja harufu, Zuhura. Mimi harufu ile naijua. Nimezaliwa ndani yake. Nikashuka, nikamsalimu kwa adabu zote, *muli bwanji amayi*, nikamuuliza huu mchele wa wapi. Akanitazama kama mtu asiyejua kitu, akanijibu: "Kilombero."

ZUHURA: Yaa Rabi. Tumekwisha leo.

MWAISA: Kilombero! Nikamwambia mama, wewe umetoka Karonga. Akasema ndiyo, umelimwa Karonga, ni Kilombero. Wasikilizaji ambao hamjafika huku, nendeni supamaketi yoyote ya Lilongwe. Mchele mzuri, ule unaonukia, pakiti imeandikwa Kilombero. Unalimwa Karonga, kando ya ziwa. Kutoka kwetu Kyela unavuka mto Songwe, unanyoosha, umefika. Wangonde wa pale na sisi Wanyakyusa ni ndugu, tunasalimiana bila mkalimani. Halafu mchele wao wakaupa jina la bonde la Morogoro!

ZUHURA: Mbegu ilitoka huko, labda. Kosa la nani?

MWAISA: Sisemi kosa. Nasema dhuluma.

ZUHURA: Mwaisa, wali usio na nazi mimi kwetu Tanga humpa mgonjwa. Uite Kilombero, uite Kyela, ni uji uliokosa maji.

MWAISA: Unaona? Unaona mtu ninayefanya naye kazi? Mchele wenye harufu yake unautia nazi ili iweje? Ni kumpaka manukato mtu aliyetoka kuoga.

ZUHURA: Na kwa taarifa yenu huyu bwana ana gunia uvunguni mwa kitanda.

MWAISA: Nusu gunia. Na limefika kwa taabu. Mwaka 2025 Malawi walipozuia mchele na ndizi na mahindi ya kutoka nje, halafu Aprili Tanzania nayo ikafunga mazao ya Malawi, wakubwa walipatana baada ya siku chache. Lakini mimi mama alishanitumia mzigo, umelala Kasumulu kwa binamu. Binamu akala nusu. Akaniambia ulikuwa unaingia panya.

ZUHURA: Panya mwenye familia ya watu saba.

MWAISA: Anajijua.

ZUHURA: Turudi kwenye orodha. Namba mbili: makazi. Mitaa ya Lilongwe ina namba, Area 18, Area 25, Area 47, na namba hazifuatani, kwa hiyo usimwambie dereva...

MWAISA: Sijamaliza. Nilikaribishwa ule wali. Sahani moja, mimi, mwalimu, yule mama na kijana wa kabaza, bodaboda ya huku, kwa usipa, dagaa wa ziwani, wa kukaanga. Nakwambia nilimsamehe hadi lile jina. Tunakula, saa tisa hivi, sauti ikatoka mbele: "Mafuta afika!" Watu wote wamesimama, wanasukuma. Ndipo likatokea nyuma yetu Land Cruiser jeupe, antena ndefu, taa zinawaka, limepita pembeni ya foleni nzima hadi kwenye pampu. Kwenye kioo kuna barua yenye muhuri, inayoomba lipewe mafuta kwanza.

ZUHURA: Sasa ndiyo tumefika alikokuwa anakwenda.

MWAISA: Ile barua ina sahihi ya nani, dada Zuhura?

ZUHURA: Yangu. Na leo hii ukinipa kalamu naiweka tena.

MWAISA: Watu walipiga kelele. Dereva wako, mtu wa Ntcheu, mweusi kunishinda mimi, walimwita azungu. Yule kijana wa kabaza hakusema neno, aliweka sahani chini. Yeye asipowasha pikipiki siku moja, siku hiyo nyumbani hawali. Wewe kwenye barua umemuweka wapi?

ZUHURA: Nikueleze lile gari lilikuwa linakwenda wapi?

MWAISA: Najua. Dzaleka.

ZUHURA: Hujui. Unajua jina. Dzaleka ilikuwa gereza, ikafanywa kambi mwaka 1994, kwa watu elfu kumi, kumi na mbili. Sasa wamepita elfu hamsini. Wakongo, Warundi, Wanyarwanda. Mimi nikiingia sokoni pale naamkiwa kwa Kiswahili kutoka kila kibanda, ndiyo sehemu pekee katika nchi hii ambayo ulimi wangu unapumzika. Na hao watu sheria haiwaruhusu kutoka wakatafute kazi. Mwaka 2023 hata waliokuwa na maduka yao mjini walikusanywa wakarudishwa kambini. Wewe ukikosa mafuta unapanda minibasi. Kijana wa kabaza atalima, atabeba mizigo. Mtoto wa Dzaleka unga lishe usipofika asubuhi ile, mama yake aende wapi?

MWAISA: Hilo silipingi.

ZUHURA: Basi tumemaliza.

MWAISA: Hatujamaliza. Jumamosi nililiona gari lilelile limeegeshwa mbele ya supamaketi. Namba ileile. Mafuta yaleyale.

ZUHURA: Lilikuwa zamu.

MWAISA: Zamu ya kununua mkate?

ZUHURA: Gari la zamu lazima liwe na mtu, na mtu lazima ale. Tulikuwa na magari manne, Mwaisa. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada, Julai USAID, shirika lao la misaada, ikafungwa kabisa, watu tuliokuwa tunakunywa nao chai wakarudi makwao na mabegi. Hilo moja lililobaki linafanya kazi ya wenzake watatu. Likipigiwa simu usiku kuna mama anajifungua kwa shida, linatoka na mafuta gani? Nitasimama mstarini nyuma yako wewe na sufuria lako?

MWAISA: Ndiyo.

ZUHURA: Ndiyo nini?

MWAISA: Usimame. Au uwe na pipa lako la akiba, ulijaze siku mafuta yapo, kama hospitali zinavyofanya na jenereta. Lakini usipite pembeni ya watu waliolala pale na watoto kwenye viti vya nyuma. Mimi wiki ijayo naenda kijijini Dowa kuwaomba wananchi watoe mchanga na matofali kwa ajili ya kisima. Ni ndugu za walewale wa foleni. Wakiona kibandiko mlangoni, hawaulizi ni shirika lako au langu.

ZUHURA: Akiba ya petroli huku kuiweka ndani ya ghala unajua masharti yake? Unajua bei yake kwa magendo? Mkaguzi akija nimwambie nini?

MWAISA: Mwambie ulikataa kuwaruka watu.

ZUHURA: Maneno mazuri sana. Hayajazi tenki.

MWAISA: Na barua yako haijazi adabu.

ZUHURA: Adabu! Kaka, mimi unaniambia adabu?

MWAISA: Sikusema wewe. Nimesema barua.

ZUHURA: Barua imejiandika?

MWAISA: ...

ZUHURA: Nimeuliza.

MWAISA: Mimi msimamo wangu ndio huo.

ZUHURA: Na mimi wangu ndio huo. Jumatatu naandika nyingine, maana ile imekwisha muda.

MWAISA: Andika. Nitakuwa palepale na mwalimu wangu.

ZUHURA: Sawa.

MWAISA: Sawa.

ZUHURA: Lakini huyo mama wa Karonga namba yake ya simu ulichukua?

MWAISA: Kwani wewe si ulisema ni uji?

ZUHURA: Nina mtu Dzaleka, mama mmoja wa Bukavu, anapika sombe, yaani kisamvu, pale kwenye njia ya kliniki. Anaipondaponda mpaka inalainika kama nini. Yeye ndiye anayetafuta mchele mzuri. Analetewa mchele wa kuvunjika, umejaa mawe. Kilo ni shilingi ngapi?

MWAISA: Kwacha.

ZUHURA: Ulimi umeteleza. Ni kwacha ngapi?

MWAISA: Sikuuliza bei, nilikuwa nakula. Ila mchele wa kwake ni mrefu, haugandi, ukiupika kwa moto wa chini unajitenga punje kwa punje. Wa kwetu Kyela una harufu zaidi, lakini huu, ukweli lazima niuseme, unajitenga vizuri.

ZUHURA: Haya, mmesikia. Mnyakyusa amesifu Kilombero. Kateni kipande hicho mtume kwao.

MWAISA: Nimesifu Karonga! Usinilishe maneno.

ZUHURA: Wasikilizaji, naangalia saa. Chumba hiki tunaazimwa na kanisa na kwaya inaingia saa nane. Kwenye orodha tumesema namba tatu, na namba mbili nusu.

MWAISA: Soma vichwa tu.

ZUHURA: Vichwa bila maelezo vina maana gani? Baridi ya Juni, nani ataelewa nikisema "baridi ya Juni"? Mtu wa Dar atakuja na shati moja.

MWAISA: Waambie waje na blanketi.

ZUHURA: Waje na blanketi. Na yule dada wa Dodoma aliyeuliza kuhusu kibali cha kazi: Mtanzania unaingia bila viza, lakini hiyo ni ya kutembea. Kibali mwajiri ndiye anakuombea Uhamiaji, usianze kazi kwa muhuri wa matembezi hata kama bosi anakwambia "tutarekebisha". Kuna mengine ya nyumba, mlinzi, na mshahara wa dada wa kazi, ambayo nayo yana ugomvi wake...

MWAISA: Wanagonga.

ZUHURA: Nimesikia. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tunaanza na namba moja, na huyu haruhusiwi kusimulia wiki yake.

MWAISA: Jumapili nakuja kwako kula?

ZUHURA: Sipiki wali.

MWAISA: Nakuja na mchele wangu.

ZUHURA: Basi uje na nazi.

MWAISA: Nazi Lilongwe naitoa wapi?

ZUHURA: Ungemuuliza mama wa Karonga. Zima hiyo, wameshaanza kupanga viti.